Jina la Baba Mkwe Wangu

Mama Vitus anasema alimwona kwa macho yake mawili.

Anasema alikuwa Same mjini, ameshusha tangawizi yake, akaingia kwenye mgahawa karibu na stendi kunywa chai. Televisheni ilikuwa inawaka ukutani. Ile anainua kikombe, akamwona baba mkwe wangu, diwani wetu, amesimama jukwaani anavalishwa kofia ya chama cha Nyota.

"Kofia ikamkaa kama alizaliwa nayo," anasema Mama Vitus. "Halafu akacheza. Beatha mwenzangu, alicheza! Mtu mzima, mzee wa kanisa, anakata kiuno mbele ya wakubwa!"

Anasema baba alishika kipaza sauti akatangaza, "Wananchi wangu ndio walionituma." Hapo chai ikamtoka Mama Vitus puani. Akainuka akaiuliza televisheni, "Nani kakutuma? Mimi?" mpaka mwenye mgahawa akamsihi akae.

Simwamini Mama Vitus moja kwa moja. Ni jirani mwema, lakini maziwa anayouza huwa na maji, na habari zake vilevile. Kofia niliikubali. Kiuno nilikiacha.

Jioni ile baba akarudi. Shati lina nyota kifuani. Akanipa viatu nivifute, na soli ya mguu wa kulia ilikuwa imebanduka.

Nikakumbuka kiuno.

Kama leo ndiyo unanikuta, jua haya tu. Mimi ni Beatha, mtu wa Kileo, niliyeishia darasa la saba. Niliolewa huku juu, unaipita Bombo unaendelea kupanda. Mume wangu Rodrick alishuka bwawa la Nyumba ya Mungu kununua samaki wa kuuza, simu yake ikazimika, na hata sasa nikipiga ni yule dada wa mtandao ananijibu. Nikabaki kwa wakwe na binti yangu Blessing, ambaye maneno anayojua bado yanahesabika. Baba mkwe aligombea udiwani kwa chama cha Ngao, akashinda kwa kura za majirani hawa hawa.

Jina lake siliandiki. Huku nilikoolewa, mkamwana hatamki jina la baba mkwe wake. Akilitamka, amejitoa kwenye nyumba ile. Hana mume tena, hana jiko. Na wewe unayedhani kwamba kwa kuwa siliandiki basi umeshajua mwisho wangu, subiri kwanza.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa zamu yetu ya maji.

Huku maji hayaachwi yapite tu. Usiku yanajaa kwenye ndiva, bwawa la mawe na udongo walilolichimba mababu, na alfajiri kizibo kinavutwa, kila nyumba inamwagilia kwa zamu yake. Nikamfunga Blessing mgongoni, nikabeba jembe.

Niliwakuta watu wamejaa. Siku ya zamu ya mtu mmoja watu hawajai vile. 

"Shikamoo baba," nikamwamkia mzee Eliamini, mwenyekiti wa ndiva.

Akayatazama maji.

Nikadhani hakusikia. "Shikamoo baba!"

Kimya.

Umewahi kumwamkia mtu mzima ukaikosa marahaba? Afadhali akuzabe kofi. Shikamoo yangu ilianguka pale chini mbele ya watu wote, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Mzee Eliamini akavuta kizibo. Maji yakaruka. Dada Asteria, jirani yetu wa upande wa chini, akayapokea kwa jembe akayakatia kwenye mfereji wake.

"Dada Asteria, leo si ni sisi?"

"Ninyi kina nani?"

"Nyumbani. Kwa diwani."

"Diwani yupi? Sisi hatuna diwani. Wetu alifia mjini, akazikwa na kofia."

Wakacheka. Sauti ya nyuma ikadakia: "Maji haya ni ya Ngao, mama! Ninyi si Nyota? Kachoteni kwenu!" Mwanamke mmoja akanyoosha kidole mbinguni, wakacheka tena.

Tangawizi yetu ilikuwa inakauka, lakini sikulia kwa ajili ya tangawizi. Dada Asteria ndiye aliyenishika mgongo siku namzaa Blessing. Asubuhi ile hata shavu la mtoto hakuligusa.

Niliporudi, baba alikuwa anakula makande.

"Mama, tumenyimwa maji," nikamwambia mama mkwe wangu, Ernesta. Mimi na baba huwa tunaongea kwa kupitia kwake.

"Watapoa," baba akajibu kutoka mezani. "Hasira ya Mpare ni moto wa mabua."

"Mpare yupi huyo?" mama akamuuliza. "Kesi ya mpaka wa shamba la babu yako mpaka leo iko barazani, na wote walioianza wameshazikwa."

"Mama Rodrick, nimefuata barabara. Nimefuata zahanati. Aliye nje ya jiko hapakuliwi. Nimejiuzulu kwa heshima, uchaguzi utarudiwa, nitasimama kwa Nyota, watanipa tena. Watanipa! Nani mwingine wanaye?"

"Na yale uliyoyasema ndivani?"

"Yale yalikuwa maneno ya kampeni."

Mama akauweka upawa chini taratibu.

Siku ya kampeni nilikuwepo, na niliyasikia. Watu walimwambia, "Wenzako wengine wakishapata wanahama. Wewe utatuapia nini?" Baba akapanda ukingo wa ndiva, akachota maji kwa kiganja, akasema, "Nikiwageuka, maji haya yanigeuke." Wakapiga makofi. Baba anapenda makofi kuliko chakula. Akaongeza: "Mimi na nyumba yangu yote!"

Hiyo nyumba hakuna aliyemwomba. Aliiongeza mwenyewe.

"Njoo kwa babu," akamwita Blessing. Akampakata, akamlisha makande kutoka kwenye sahani yake, kijiko chake yeye, kijiko cha mtoto, kijiko chake yeye. Blessing akacheka. Na mimi nilitabasamu. Sikujua ninachokitazama.

Mchana Mama Vitus akapenya kwenye migomba, kanga kajifunika mpaka pua.

"Beatha, mimi sijaja hapa."

"Sawa, hujaja."

"Chungu kimetoka."

"Chungu gani?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekaa juu ya nyoka.

Kwa Bibi Nakijwa, ajuza wa kijiji, akaniambia, kuna chungu cheusi kinakaa darini. Hakipikiwi. Hakioshwi. Mtu akiapa mbele ya watu, akavunja kiapo chake, na akawa hasikii la mtu, chungu kile kinateremshwa. Kinaletwa mpaka mlangoni kwake, maneno yake mwenyewe yanarudiwa juu yake, kisha kinavunjwa. Baada ya hapo aliyeapa hana siku nyingi.

"Yeye peke yake?" nikauliza.

Mama Vitus akakaza fundo la kanga.

"Yeye, na wanaokula naye chungu kimoja. Kama aliitaja nyumba kwenye kiapo. Na alivyoitaja wewe si ulisikia?"

"Mama Vitus..."

"Tena wanasema kinaanza na mdogo."

"Lakini sisi sote si tunasali? Mchungaji si alikataza mambo kama haya?"

"Mchungaji! Yeye mwenyewe akienda kwa wagonjwa kule, hapiti mbele ya nyumba ya Bibi Nakijwa. Anazunguka njia ya juu, yenye mawe. Muulize anakimbia nini."

Akaondoka. Kabla ya kupotea kwenye migomba akageuka. "Na mimi nitakuwepo, Beatha. Usinione mbaya. Kura yangu nayo imo."

Nakiri hapa kwamba sijui kama naamini chungu. Kwetu Kileo hakuna kitu hicho. Lakini mikono yangu haikuniuliza kama naamini. Ilishaanza kumpangusa Blessing kwa kanga. Mwanangu alikuwa amekula kwenye sahani ile, na harufu ya mafuta ya makande ilikuwa bado kwenye vidole vyake.

Nikamweleza mama. Mama akamweleza baba.

Baba akacheka sana. "Chungu! Karne hii! Chungu cha nani?"

"Cha Bibi Nakijwa."

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Akavua lile shati la nyota, akalikunja, akaliingiza chini ya godoro. Akachukua simu.

"Nina kikao Same," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza. Akampigia bodaboda.

"Mheshimiwa, pole sana, pikipiki ina pancha," tukaisikia sauti upande wa pili.

"Niitie mwenzako."

"Naye pancha."

"Wote?"

"Wote, Mheshimiwa. Pancha imeingia kijijini kama surua."

Tukasikia watu wakicheka nyuma ya yule kijana. Baba akazima simu, akavaa koti, akaondoka kwa miguu.

Hakukaa. Alirudi matope yamefika magotini, na uso wake sijawahi kuuona vile. Siku ile ilikuwa ya msaragambo, kazi ya kijiji, wanawake walikuwa kwenye kona ya barabara wanafukia mashimo. Barabara ile ile aliyosema ameifuata Nyota.

"Wamekupiga?" mama akamuuliza.

"Hawakunigusa."

"Wamekutukana?"

"Hawakusema neno. Waliweka majembe begani, wakaanza kunifuata."

"Wako wapi sasa?"

"Wanakuja." Akameza mate. "Wanakuja polepole, Mama Rodrick. Hawana haraka yoyote."

Jikoni kwetu kuna dari la miti tunapokaushia mahindi kwa moshi. Mheshimiwa akapanda ngazi, akajilaza katikati ya mahindi, akaivuta ngazi juu.

"Waambieni nimeshuka Same," akasema kutoka gizani. Kisha akaanza kukohoa.

Nikatawanya kuni ili moshi upungue. Maji ya kuzimia moto hatukuwa nayo, si tulinyimwa.

Waliingia uani bila wimbo. Mimi ningependa waimbe. Mtu anayeimba unajua alipofika na atakapoishia. Hawa walikuja na vishindo vya miguu tu, wengi, kanga zimefungwa viunoni, na mbele yao Bibi Nakijwa, mdogo, amepinda, chungu kichwani bila kukishika. Mama Vitus alikuwa katikati yao, anatazama vidole vya miguu yake.

Bibi Nakijwa akakitua chungu mbele ya mlango wa jiko. Nilikuwa mlangoni, Blessing kiunoni. Mama alikuwa mbele yangu.

Asteria ndiye aliyeanza.

"Mama Rodrick, siku ya kura nilitoka hapa sijanywa hata uji. Mvua ilininyeshea kwenye foleni, nikakataa kutoka. Nilisema huyu ni wetu. Sasa kura yangu ameibeba, ameenda kuifungia ndoa kwa watu nisiowajua, halafu anasema nimemtuma! Na anarudi kuiomba tena! Kwani kura ni chapati, kila akipenda anaigeuza?"

"Mumeo yuko wapi?" Bibi Nakijwa akauliza.

 Nikangoja mama aseme, ameshuka Same. Tulishakubaliana.

Mama akafungua fundo la kanga kichwani, akajipangusa uso.

"Asteria," akasema, "siku ile kwenye foleni, mbele yako alikuwa nani?"

Asteria akababaika. "Ulikuwa wewe."

"Nilikuwa mimi. Na mvua ilininyeshea mimi kwanza. Mbona hamkuja kuniuliza na mimi kama nilimtuma?"



Ndipo mama akalitamka jina la mumewe. Tangu nimeolewa sijamsikia akimwita ila Baba Rodrick. Alilitamka lote, la ubatizo na la ukoo, kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Juu ya kichwa changu mti wa dari ukalia.

Kwa neno lile naye akawa amejitoa kwenye nyumba. Akatoka. Akakivuka chungu, akaenda kwa wanawake. Asteria akasogea, akamtandikia nusu ya kanga yake, mama akakaa.

"Mama!" nikaita. "Mama, na sisi?"

Mama akawa anatazama chini.

Nikamnyanyua Blessing, nikamnyoosha mbele kwa mikono miwili. "Basi mpokee Blessing! Mchukue mtoto tu, mimi niacheni!"

Mama akainua mikono. Bibi Nakijwa akamzuia kwa fimbo.

"Mtoto hatolewi kwa mkono wa bibi yake," akasema. "Anatolewa kwa mdomo wa mama yake."

Akanigeukia. Macho yake yana ukungu, lakini yalinipata.

"Mwanangu, wewe ni wa kuja. Hatuna neno na wewe. Huyo mtoto tulimpokea kwa mikono yetu hii. Niambie kwanza, baba mkwe wako yuko wapi?"

"Ameshuka..." Nikamrudisha Blessing kiunoni. "Ameshuka Same, bibi."

Blessing akanyoosha kidole juu.

"Babu," akasema.

Nyuso zote zikainuka. Nikaona jinsi mambo yatakavyokuwa: majembe, ngazi, dari linaanguka na mahindi yake. Nikamfunika Blessing macho.

Hakuna aliyesogea.

"Mwache," Bibi Nakijwa akasema. "Hatukuja kumpiga mtu, wala hatuna haja ya kumwona. Chungu kinamjua alipo."

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo. Majembe ningeyapigia kelele.

Akaokota jiwe. Lilikuwa jiwe la ndiva, jeusi, bado lina matope mabichi.

"Sikiliza, mkamwana. Nitarudia maneno aliyoyasema juu ya maji, kisha nitakivunja. Aliye ndani ya nyumba yake wakati huo, yumo. Ukitaka kutoka na mwanao, mlango uko kinywani mwako. Mtaje jina. Lote, kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya kura. Ukishalitaja, vuka uje."

"Na Rodrick akirudi?"

"Akirudi atakuta umetoka."

"Atanikuta sina ndoa, bibi."

"Atamkuta mtoto."

Nikamtazama Mama Vitus. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama anayemhimiza mtu avuke mto. Nikamtazama mama. Alikuwa ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanaruka.

Jina lile nalijua. Niliwahi kuliwekea alama ya vema, kwenye kile chumba cha siri, na hata mle ndani peke yangu sikulisoma kwa midomo. Sasa lilikuwa limenijaa mdomoni. Nikatangulia kulitengeneza kwa ulimi, kimya, nione kama linapita.

Vumbi la mahindi likanidondokea shingoni.

"Mama Blessing."

Nilidhani nimeota. Baba hajawahi kuniita mwenyewe.

"Mama Blessing, mwanangu. Mama Rodrick ameshatoka." Alikuwa anazuia kikohozi, maneno yanakuja vipande vipande. "Na wewe ukitoka, nitabaki humu peke yangu. Usinitaje. Nakuomba."

Kipaza sauti kilimzoea mtu huyu. Aliomba kura za kata nzima, na sauti yake ilikuwa inafika bonde la pili. Sasa alikuwa anamwomba mtu mmoja, kwa kunong'ona, na miti ya dari ilikuwa inatetemeka pamoja naye. Mtu huyo huyo ndiye aliyempakata mwanangu asubuhi, kijiko chake, kijiko cha mtoto.

Blessing akaondoa mkono wangu machoni pake. Akatazama juu tena, akacheka.

Bibi Nakijwa akalinyanyua jiwe. 

"Mkamwana, tunakusikiliza."

Wanawake wakanyamaza, kimya kile kile cha ndivani. Ila safari hii wao ndio waliokuwa wameita, na aliyekuwa anangojwa aitikie ni mimi.